Kukitengeneza Upya Chumba cha Nyumbani Pasipo Kuibomoa Nyumba

Mara nyingi mwenye nyumba katika nchi ya Kisii na Nyamira huketi jioni sebuleni mwake, akazitazama kuta, akasema moyoni ya kuwa nyumba imechakaa na hapana budi ijengwe nyingine. Ukuta una nyufa. Karibu na ardhi udongo umemomonyoka hata fito zaonekana. Juu ni weusi mtupu wa moshi, na pembeni pana doa la maji ambalo huongezeka kila masika. Lakini karo ya shule yangojewa, na shamba ni dogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Na katika Kisii walihesabiwa watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba moja. Mahali palipojaa watu kiasi hicho, uwanja wa nyumba ya pili haupatikani kwa urahisi, wala miti ya kujengea.

Basi swali la mwenye nyumba huyo lisiwe jinsi ya kujenga nyingine, bali jinsi ya kukirudishia chumba kimoja uzuri wake na afya yake kwa vitu vilivyo karibu. Jambo hilo lawezekana kwa udongo, mchanga, samadi, chokaa kidogo na siku kadhaa za kazi, iwapo kazi yenyewe itafuata utaratibu wake. Utaratibu ukigeuzwa, fedha hupotea, na baada ya masika mawili chumba huwa kibaya kuliko kilivyokuwa.

Nyumba inayoelezwa kwanza ni ile inayoonekana sana vijijini, tangu Suneka na Ogembo hata Keroka na Nyansiongo: kuta za miti na udongo, paa la mabati, sakafu ya udongo. Wakaaji wa nyumba za matofali na vyumba vya kupanga mjini watakuta habari yao mbele kidogo.

MAJI KWANZA

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza na rangi. Rangi haiuponyi ukuta ulioingiwa na maji. Huuficha ugonjwa wake kwa miezi michache, kisha huchubuka pamoja na udongo. Kwa hiyo kazi ya kukitengeneza chumba huanzia nje ya chumba.

Yafaa kukumbuka jinsi nyumba za kale za Wagusii zilivyokuwa. Nyumba ya mviringo ilikuwa na paa nene la nyasi, na upenu wake ulitoka mbele ya ukuta na kuinama chini, hata mvua iliponyesha maji yalianguka mbali na udongo. Paa la mabati lina faida zake: halihitaji nyasi, ambazo siku hizi ni adimu kwa kuwa malisho yamegeuka kuwa mashamba ya chai na mahindi, wala halishiki moto upesi. Lakini bati ni ghali, na kwa sababu ni ghali watu wengi hulikata fupi. Matone yatokayo katika upenu mfupi huanguka karibu sana na ukuta, yakaigonga ardhi, yakaruka pamoja na tope na kuulowesha ukuta upande wa chini. Ndiyo maana ukuta wa nyumba ya mabati huliwa kwanza chini, karibu na ardhi. Tena katika milima hii mvua ya mwaka hupita milimita 1,500 mahali pengi, na miezi mikavu kabisa ni michache.

Mwenye nyumba na atoke nje siku ya mvua, asimame atazame maji yanakwenda wapi. Nusu saa ya kutazama hivyo itamfundisha mengi kuliko fundi yeyote. Akiona matone yanaruka ukutani, na aweke mfereji wa bati upenuni, ambao tena utamjazia pipa la maji ya kufulia. Au, kama hana fedha za mfereji, na apange kokoto au mawe madogo katika mstari wa matone, maana tone likianguka juu ya mawe haliruki na tope. Akiona maji yanatuama, na achimbe mtaro hatua moja kutoka ukutani, nao uteremke kufuata mlima. Udongo uliorundikana ukutani kwa miaka mingi ya kufagia uwanja uondolewe, kwa kuwa huunyonyesha ukuta maji kama utambi unavyonyonya mafuta.

Kisha paa. Adhuhuri siku ya jua kali, mlango na madirisha yafungwe, na mtu asimame ndani gizani akitazama juu. Kila tundu la msumari litaonekana kama nyota. Mahali hapo patiwe alama kwa chaki, na baadaye tundu lizibwe kwa lami ya kuzibia mabati, au msumari ubadilishwe, utiwe mwingine wenye kipande cha mpira chini ya kichwa chake.

HABARI YA SARUJI

Hapa yapasa kusema wazi juu ya jambo ambalo limewapotezea watu wengi fedha. Mkulima wa chai hupata bonasi yake karibu na mwezi wa Oktoba. Akishalipa madeni, hununua mifuko kadhaa ya saruji, akamwita fundi apige lipu juu ya kuta za udongo, ili nyumba ionekane kama ya mawe. Kwa Krismasi nyumba hupendeza kweli, na jirani husifu. Lakini udongo na saruji si ndugu. Udongo hunyonya unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kunywea; saruji ni ngumu, haiwezi kuufuata katika mwendo huo. Unyevu upandao kutoka ardhini, ambao zamani ulitoka polepole juu ya ukuta wote, sasa huzuiwa nyuma ya lipu. Baada ya masika mawili au matatu ukuta ukigongwa kwa vidole hutoa sauti ya debe tupu, na siku moja kipande kikubwa kama mlango huanguka, kikichukua udongo pamoja nacho. Nyuma yake miti hukutwa imeoza.

Waya wa kuku ukipigiliwa misumari ukutani kabla ya lipu husaidia saruji ishike, lakini hauondoi unyevu. Yeye ambaye amekwisha piga lipu ya saruji juu ya udongo asiivunje yote kwa hasira. Na agonge ukuta wote kwa vidole, aondoe sehemu zenye sauti ya utupu tu, na mahali hapo arudishie udongo. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wa udongo ina kosa lile lile, maana nayo hufunga pumzi ya ukuta.

KUKANDIKA UPYA

Maarifa ya kukandika si mageni katika nchi hii. Akina mama wa Kigusii wameyashika tangu zamani, na ilikuwa desturi majirani kusaidiana kazi kwa zamu katika kikundi kiitwacho egesangio, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kijana aliyetoka shule akitaka kujua udongo ulio mwema, na amwendee bibi yake kwa heshima kabla ya kuuliza dukani. Hata hivyo yako mambo machache ambayo huongeza nguvu ya kazi.

Udongo wa juu wa shamba haufai, kwa kuwa una mabaki ya majani ambayo huoza. Udongo mwema ni ule mwekundu ulio chini yake, kina cha mkono mmoja au zaidi. Lakini udongo mwekundu wa milima ya Kisii una unato mwingi, na kitu chenye unato mwingi hupasuka kikikauka. Kwa sababu hiyo wapaswa kuchanganywa na mchanga. Kujua kiasi, chupa yenye kioo safi itiwe udongo hadi theluthi, ijazwe maji, itikiswe sana, kisha iachwe mpaka kesho. Mchanga hutua chini kwanza, na udongo laini hukaa juu. Ikiwa sehemu laini ni kubwa kuliko ile ya mchanga, udongo huo wataka mchanga mwingi.

Njia iliyo bora zaidi ni kujaribu ukutani. Zifanywe alama tatu za futi moja kila upande: ya kwanza kwa kipimo kimoja cha udongo na kimoja cha mchanga, ya pili kwa kimoja na kimoja na nusu, ya tatu kwa kimoja na viwili. Baada ya siku tatu au nne zitazamwe. Ile yenye nyufa imekosa mchanga. Ile inayotoa unga ikisuguliwa kwa kiganja imezidi mchanga. Iliyo imara pasipo nyufa ndiyo ya kufuatwa, hata kama jirani hutumia kipimo kingine, maana udongo wa Bobasi si lazima uwe sawa na udongo wa Kitutu.

Nyasi kavu zilizokatwa vipande vya urefu wa kidole zikitiwa katika mchanganyiko huufunga kama nyuzi, na mchanganyiko ukiachwa siku kadhaa umefunikwa huwa mlaini na wenye kushika. Wakati huo ukuta wa zamani uparuzwe, masizi yote yaondolewe, na miti igongwe mmoja mmoja. Mti ulioliwa na mchwa ubadilishwe sasa, kwa kuwa baada ya kukandika hautaonekana tena mpaka siku utakapoanguka. Ndipo ukuta unyunyiziwe maji. Jambo hili huachwa na wengi, na ndilo sababu udongo mpya hubanduka: ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo mpya kabla haujashikana.

Nyufa kubwa zijazwe kwanza, udongo ukisukumwa ndani kwa kidole gumba. Kisha hupakwa tabaka ya kwanza, isizidi unene wa kidole gumba. Ikiisha kukauka, hufuata tabaka ya pili, nyembamba, ya udongo uliochungwa pamoja na mchanga laini na samadi mbichi ya ng'ombe, vipimo vitatu kwa kimoja, nayo husawazishwa kwa kiganja au kwa kipande cha ubao.

Samadi husaidia udongo usipasuke na usitoe vumbi. Lakini katika samadi ya wanyama huweza kuwamo viini vya ugonjwa wa pepopunda. Kwa hiyo mtu mwenye jeraha mkononi asiikande. Wala chumba atakacholala mtoto mchanga, ambaye kitovu chake hakijapona, kisipakwe samadi wakati huo. Mama aliye karibu kujifungua na afanyiwe kazi hiyo mapema, au chumba chake kisilibwe kwa udongo na mchanga tu.

Jambo la wakati pia ni kubwa. Kila mtu hutaka sebule iwe nzuri kwa Krismasi, wakati watoto watokapo Nairobi na Mombasa kuja nyumbani. Lakini ukuta uliokandikwa hutaka majuma mawili hadi manne ya kukauka, na mvua za vuli katika nchi hii huendelea hata mwezi wa Novemba. Anayeanza kukandika juma moja kabla ya sikukuu atawakaribisha wageni katika chumba chenye baridi na harufu ya tope. Mwezi wa Januari na Februari ni bora, au likizo ya Agosti kabla vuli haijashika.

Katika kungoja huko hutokea hatari moja ambayo imewaua watu. Mwenye haraka huingiza jiko la makaa chumbani usiku ili kuta zikauke, akafunga mlango kwa sababu ya baridi ya mlimani, akalala humo. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Ukuta hukaushwa kwa upepo, mlango na madirisha yakiwa wazi mchana. Hakuna njia nyingine iliyo salama.

CHOKAA

Ukuta uliokauka waweza kuachwa na rangi yake ya udongo, nayo ni nzuri. Anayetaka weupe na mwanga na atumie chokaa. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua, huzuia ukungu usiote, na bei yake ni ndogo kuliko ya rangi ya kopo. Upande huu wa Kenya chokaa imechomwa kwa miaka mingi huko Koru, katika Kaunti ya Kisumu, kwa hiyo haitoki mbali.

Mnunuzi awe mwangalifu. Katika maduka ya pembejeo hupatikana chokaa ya shamba, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa ajili ya kupunguza ukali wa udongo. Hiyo ni njema kwa mahindi, lakini ukutani haishiki. Itafutika kwa kiganja. Inayotakiwa ni chokaa ya kujengea, iliyokwisha zimwa, ambayo huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Nayo chokaa ambayo haijazimwa huchemka kwa nguvu ikitiwa maji, na si kitu cha kuchezewa nyumbani.

Kipimo kimoja cha chokaa hutiwa katika vipimo viwili vya maji pamoja na konzi ya chumvi, hukorogwa, hulala usiku mmoja, kisha huchujwa kwa kitambaa na kuongezwa maji mpaka iwe kama maziwa. Na ichukuliwe sebule ya futi 12 kwa futi 10, yenye kuta za futi 8 kwenda juu. Kuta zake zote, ukitoa mlango na dirisha moja, ni kama futi mraba 320. Chumba hicho, kikipakwa mara tatu, hutaka kama debe moja na nusu ya chokaa iliyokorogwa, na mfuko mmoja wa kilo 25 hutosha vyumba zaidi ya kimoja.

Ukuta unyunyiziwe maji kidogo, kisha chokaa ipakwe nyepesi kwa brashi pana. Mpakaji asifadhaike akiona kana kwamba hakupaka kitu. Chokaa ikiwa mbichi haionekani; weupe wake huja inapokauka na kuvuta hewa, na kwa hewa hiyo hugeuka tena kuwa kama jiwe. Wengi huona haionekani, wakaipaka nzito mara moja, nayo huchanika na kuanguka kama magamba ya samaki. Mara tatu nyepesi, siku moja kati ya kila upakaji, ndiyo desturi ya mafundi wazuri. Aliyetaka rangi aweza kutia udongo mwekundu uliochungwa vizuri, usizidi sehemu moja katika kumi. Weupe utageuka kuwa wa waridi hafifu. Sehemu ya chini, futi tatu kutoka sakafuni, ambako watoto hushika na viti husugua, yafaa kupakwa rangi ya udongo iliyokolea, nayo hurudiwa kila mwaka pasipo kugusa sehemu ya juu.

Chokaa huchoma ngozi, na katika jicho huweza kuleta upofu. Watoto wasikaribie ndoo. Mpakaji avae mikono mirefu na kitu cha kukinga macho, hasa akipaka juu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

MOSHI, MBU NA MWANGA

Mahali jiko la kuni lilipo ndani ya nyumba ile ile, chokaa itakuwa nyeusi tena kabla mwaka haujaisha, nayo mapafu ya watoto hupata masizi yale yale ambayo ukuta unapata. Moshi wa kuni ni mmoja katika mambo yanayowaletea watoto wadogo nimonia. Kuhamishia jiko katika kibanda cha nje, au kulijengea bomba la kutoa moshi, ni sehemu ya kukitengeneza chumba, wala si kazi nyingine.

Wazee watasema ya kuwa mwanya ulio kati ya ukuta na paa hutosha kutoa moshi. Kweli hutoa moshi kidogo. Lakini ndio mlango mkubwa wa mbu. Zamani watu wa milimani walidhani malaria ni ugonjwa wa ziwani na mabondeni, bali katika miaka ya 1990 milipuko mikali ya malaria ilifika katika milima ya Kisii na kuwaua wengi ambao miili yao haikuizoea. Mwanya ukizibwa kwa udongo, mbu huzuiwa lakini hewa nayo huzuiwa. Ukifunikwa kwa wavu mwembamba wa waya, hewa hupita na mbu hubaki nje. Hiyo ndiyo kazi iliyo bora, na fundi mmoja huimaliza kwa siku moja katika chumba cha kadiri. Chandarua cha kitandani kisiachwe kwa sababu ya wavu huo.

Kuhusu mwanga, kabla ya kutoboa ukuta kutafuta dirisha kubwa, mwenye nyumba na atazame nje ya dirisha alilo nalo. Mara nyingi atakuta shina la ndizi limesimama hapo, majani yake yakilifunika. Ndizi za Kisii zina sifa hata Nairobi, lakini mkungu mmoja haulingani na chumba chenye giza mwaka mzima. Shina hilo na lihamishwe. Njia nyingine ni kuondoa bati moja la paa na kutia mahali pake bati linalopitisha mwanga. Kuta za dirisha zipakwe chokaa mpaka nje, ili mwanga ugonge weupe ukiingia. Mtoto anayesoma jioni ataona tofauti kabla ya baba yake.

SAKAFU

Sakafu ya udongo yenye vumbi ndiyo makao ya funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika hapo kale. Alikuja kwa meli kutoka Brazili, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, akasafiri pamoja na misafara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Jike huingia katika ngozi ya mguu. Mayai yake huanguka sakafuni. Na katika vumbi kavu hukua wengine. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa taifa juu ya kuwazuia, maana mtoto mwenye funza hushindwa kutembea kwenda shule, na huona haya mbele ya wenzake. Kumtoa funza mguuni kwa sindano, na sakafu ikaachwa ilivyo, ni kazi isiyokwisha. Tena sindano moja ikipita kwa watu wengi huambukiza magonjwa mengine.

Sakafu ifagiliwe kwa kunyunyizia maji, vumbi litupwe mbali. Mashimo yajazwe udongo wenye mchanga, yashindiliwe kwa gogo mpaka yawe magumu. Kisha sakafu yote isilibwe kwa udongo uliochungwa, samadi na majivu, ikauke, irudiwe mara ya pili. Baadaye hutosha kusiliba tabaka nyembamba kila majuma mawili. Onyo la pepopunda lililotajwa juu lahusu sakafu pia. Mbwa, mbuzi na nguruwe nao hubeba funza, kwa hiyo wasilale sebuleni. Na sakafu iwe juu ya uwanja wa nje kwa nusu futi walau, la sivyo kazi yote ya mtaro haitafaa.

CHUMBA CHA KUPANGA MJINI

Mpangaji katika mji wa Kisii, Nyamira au Keroka hana ruhusa ya kukandika wala kutoboa, na mapatano na mwenye nyumba hufanywa kabla ya kununua brashi, yakiwezekana kwa maandishi, ili gharama ya rangi ikatwe katika kodi. Taabu yake kubwa ni ukungu mweusi nyuma ya kitanda na kabati. Huo hutokana na pumzi za watu na mvuke wa kupikia katika chumba kilichofungwa. Ukuta uoshwe kwa sabuni, ukaushwe, kitanda kiwekwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na dirisha lifunguliwe kila asubuhi hata kama kuna baridi. Hapo rangi ya maji itakaa.

Rangi kuukuu isiparuzwe ikiwa kavu mahali wenye watoto wachanga wanapokaa, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto; ilowe maji kwanza, na vumbi lake likusanywe. Katika Kenya kikomo kilichowekwa kwa rangi ni sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Mnunuzi atafute kopo lenye alama ya Shirika la Viwango, wala asishawishiwe na rangi ya bei ya chini isiyo na jina.

VYOMBO NA MAPAMBO

Chumba kikishapendeza, shauku ya kukijaza vitu tena huwa kubwa. Magazeti yaliyobandikwa ukutani, hata yawe na picha nzuri namna gani, hufuga mende na kunguni nyuma yake. Gazeti likisha somwa kazi yake ni kufunga sukari au kuwashia moto. Kalenda za miaka iliyopita ziondolewe. Vitambaa vya viti vifuliwe, na vile vilivyochakaa vikatwe viwe vya kufutia vumbi. Viti vya mbao visuguliwe kwa msasa na kupakwa vanishi nje, katika kivuli. Pazia lisiwe zito mbele ya dirisha dogo.

Nchi yenyewe ina mapambo yake. Huko Tabaka wachongaji huchimba jiwe laini lenye rangi nyeupe, kijivu na waridi, na vitu vyao huuzwa hata Ulaya na Marekani. Wanawake huvisugua kwa msasa na maji mpaka ving'ae. Bakuli moja la jiwe hilo juu ya meza, na ekee moja au mbili zilizosukwa na bibi, zikitundikwa juu ya ukuta mweupe, hupendeza kuliko maua ya plastiki kumi na mawili. Vipo vyumba vingi vya maofisa mjini ambamo ekee hutundikwa kwa fahari, na nyumbani kwa aliyezisuka zimefichwa jikoni.

Udongo uliochungwa ukibaki, utiwe katika gunia na kuwekwa mahali pakavu, pamoja na kopo la mchanga wa kipimo kile kile kilichoshinda majaribio ukutani. Kipimo hicho kiandikwe kwa penseli nyuma ya mlango. Masika yakipita, nyufa ndogo zitatokea tu, hasa pembeni mwa dirisha na juu ya mlango, na mtu mwenye gunia hilo ataziziba asubuhi moja kabla ya chai.